Deni la Nauli

Mwaka 2000 kijiji cha Lwala, karibu na mji wa Rongo katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Migori, Kenya, kiliuza kuku na ng'ombe ili kijana apande ndege. Milton Ochieng' alikuwa amepata nafasi na ufadhili wa masomo katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, ila ufadhili huo haukugusa tiketi. Zilitakiwa kama dola 900. Wanakijiji wakachanga, Milton akaondoka, na baadaye mdogo wake, Fred, akamfuata chuoni hukohuko.

Dartmouth ilikuwa na mpango wa kuwatoa wanafunzi madarasani wakahudumie jamii nchi nyingine. Milton akajiunga na msafara uliokwenda Nicaragua kusaidia kujenga zahanati. Hapo mtu anaweza kucheka kidogo: mtoto wa Lwala, kijiji kisicho na zahanati, anakwenda upande wa pili wa dunia kuwabebea watu wengine matofali. Lakini ndiko alikoona kwamba kundi la wanafunzi linaweza kusimamisha jengo la tiba, na kwamba kama linawezekana Nicaragua, nyumbani pia linawezekana. Ndugu hao wawili wakaanza kuchangisha fedha. Baba yao, aliyekuwa mwalimu, alikuwa tayari ameibeba ndoto hiyo pamoja na wanakijiji. Wazazi wote wawili walifariki kwa UKIMWI kabla zahanati haijakamilika. Ilifunguliwa mwaka 2007, wakati Milton na Fred wakisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na mwaka uliofuata kisa chao kikatolewa katika filamu iitwayo Sons of Lwala.

Mipango kama ule wa Dartmouth sasa imeenea vyuoni. Mwanafunzi hufundishwa kuendesha mkutano, kusoma bajeti, kusikiliza watu wasiofikiri kama yeye, kisha hupelekwa mahali kwa majuma kadhaa akafanye kazi chini ya wenyeji. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilianzisha wake mwaka 2007 kwa jina la DukeEngage, kwa fungu la dola milioni 30: nusu kutoka Duke Endowment, nusu kutoka taasisi ya Bill na Melinda Gates. Mwanafunzi aligharimiwa nauli, chakula na malazi kwa angalau majuma manane ya kazi.

Baadhi ya wanafunzi hao walitua Muhuru Bay, Migori, kwenye Ziwa Victoria karibu na mpaka wa Tanzania, ambako boti za kwenda kisiwa cha Migingo hung'oa nanga. Huko kulikuwa na kazi iliyoanzishwa na walimu wawili wa chuo: Sherryl Broverman wa Duke, aliyekuwa akifundisha somo kuhusu UKIMWI, na Rose Odhiambo wa Chuo Kikuu cha Egerton. Wasichana waliotoka pwani ile na kufika chuo kikuu walikuwa wachache mno. Mimba, karo na kazi za nyumbani ziliwatoa shuleni mapema. Walimu hao, wanafunzi wa Duke na wenyeji wakaunda shirika la WISER, na mwaka 2010 ikafunguliwa shule ya sekondari ya bweni ya wasichana. Pale shuleni maji ya ziwa husafishwa, na majirani nao huyapata. Mzazi asiye na binti shuleni bado ana sababu ya kutaka shule hiyo isimame.

Ukitazama kwa makini, Lwala na Muhuru hazikuokolewa na majuma manane ya mwanafunzi yeyote. Mwanafunzi alikuta kuna watu waliokwisha kuanza, naye akaongeza nguvu. Pale ambapo hakuna aliyeanza, mpango wa chuo huishia kwenye ukuta uliopakwa rangi, picha za pamoja na ripoti nzuri ya kujaza faili.

Serikali za Afrika Mashariki nazo zilijaribu kuwafunza wasomi utumishi, ila kwa amri. Tanzania ilipowataka wanafunzi wa chuo kikuu waingie Jeshi la Kujenga Taifa na kisha wakubali kukatwa mishahara, waliandamana Dar es Salaam mwezi Oktoba 1966, wakiwa na bango lililodai kuwa hata ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwatimua kwa mamia, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kenya nayo, kuanzia 1984, iliwapeleka waliofaulu kuingia chuo katika kambi ya Huduma ya Vijana kwa Taifa kule Gilgil. Walipiga gwaride, wakashika majembe, na mpango ukafa baada ya miaka michache. Kambi inaweza kumfundisha mtu nidhamu. Kumfanya ajione mdaiwa wa watu fulani anaowajua kwa majina ni kazi nyingine.

Na deni ndilo linaloeleweka upande huu wa ziwa. Mwanasiasa Tom Mboya, ambaye ukoo wake ni wa kisiwa cha Rusinga na kaburi lake liko huko, ndiye aliyezunguka Marekani akitafuta nauli za vijana wa Kenya. Mwezi Septemba 1959 ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81, na miongoni mwa waliochangia walikuwa nyota wa Marekani Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Wangari Maathai alikwenda na wimbi la 1960. Waliobaki nyumbani walifanya harambee zao, wakauza mifugo, wakasubiri. Kabla mipango ya utumishi ya vyuo haijafika hapa, msomi wa hapa alikuwa tayari mali ya umma.

Anayetaka kulipa deni hilo aanze kwa kujua ratiba ya wenyeji. Kutoka Mbita, ng'ambo ya Rusinga, boti huelekea Takawiri, kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe na minazi katika Kaunti ya Homa Bay. Mgeni hupiga picha za minazi. Wenyeji wanaangalia mwezi. Omena, yaani dagaa wa ziwa, huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazoelea majini, na boti hurudi alfajiri. Asubuhi wanawake wako ufuoni: wanapokea mzigo, wanapatana bei, wanautandaza juu ya nyavu kuukuu kabla jua halijapanda, na wanatupia jicho mawingu kwa sababu mvua moja inatosha kuuharibu mzigo wote. Mwanafunzi anayeitisha kikao cha akina mama saa tatu asubuhi, siku za giza, atakaa peke yake na kalamu zake. Akiuliza kwanza, ataambiwa aje mwezi ukiwa mpevu, au mchana kazi ikipoa.

Ataambiwa pia kwamba ufuo una uongozi wake. Tangu kanuni za 2007, fuo za wavuvi zina vikundi vya usimamizi viitwavyo BMU (Beach Management Unit), na katika kamati zake wenye boti, wavuvi wa kuajiriwa na wachuuzi wana viti. Hiyo ndiyo shule ya uongozi iliyo karibu kuliko semina yoyote ya hotelini: humo hugombaniwa nyavu haramu, ada ya kushusha samaki na zamu ya kusafisha ufuo.

Vyuo sasa viko jirani. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori. Homa Bay kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichoanza chini ya Chuo Kikuu cha Maseno. Makomredi, yaani wanafunzi wa vyuo hivyo, hawahitaji paspoti wala mkalimani, na baadhi yao wamesomeshwa kwa hiyohiyo omena. Chuoni, hata hivyo, siasa zao zilibanwa na sheria ya 2016 iliyoleta uchaguzi wa wajumbe badala ya kura ya moja kwa moja. Nje ya lango nafasi ni pana zaidi, kwa kuwa Katiba ya 2010 inaitaka kaunti kuwashirikisha wananchi katika mipango na bajeti, na makabrasha ya bajeti ni mazito kuliko subira ya wengi.

Lwala ina mfano wa pa kuanzia. Shirika lililokua kutoka kwenye zahanati ile liliwafunza wakunga wa jadi, likawafanya wahudumu wa afya wanaolipwa, badala ya kuwafukuza kama washindani. Mwaka 2023 serikali ya Kenya nayo ilizindua mpango wa kuwalipa posho wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 nchini kote, shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu ikitoka kaunti. Kwa mwanafunzi aliye likizoni Mbita, swali la kwanza lipo tayari: je, mhudumu wa afya wa Takawiri amelipwa nusu zote mbili mwezi huu, na kama hajalipwa, barua ipelekwe ofisi gani?