KOMPYUTA IPAZE SAUTI KABLA MTU HAJASHUKA SHIMONI



Ukichimba kasiterite Walikale ao koltani Masisi, hewa mbaya ya shimoni ni adui yule yule. Hewa ya kawaida ina oksijeni 20,9 kwa mia. Ikiwa chini ya 19,5, mtu asiingie. Tena motopompe ya petroli ikiwashwa shimoni ao karibu na mlango wake, inatoa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, miguu inalegea, kisha mtu analala asiamke.

Ndiyo sababu hewa inapimwa kabla ya kila zamu. Lakini namba iliyoandikwa tu haipigi kelele. Karani mwenye haraka anaweza kuandika 18,7 na kupita. Basi tufundishe kompyuta imsimamishe kwa kisanduku cha ujumbe.

Tuseme kipimo cha oksijeni kinaandikwa katika Excel, kwenye C5. Fanya hivi:

1. Bonyeza Alt pamoja na F11. Chagua Insertion, kisha Module.

2. Andika mistari hii mitatu:

Sub Hakikisha()
If [C5] < 19.5 Then MsgBox "Oksijeni haitoshi. Mtu asishuke. Ita kapita.", vbCritical, "USALAMA"
End Sub

Angalia vizuri: kwenye karatasi tunaandika 19,5 kwa mkato, lakini ndani ya programu ni nukta, 19.5.

3. Rudi kwenye karatasi, chora umbo lolote, libonyeze kwa upande wa kuume wa kipanya, uchague Affecter une macro, kisha Hakikisha.

4. Hifadhi faili kwa aina ya xlsm. Ukitumia xlsx, programu inapotea.

Sasa karani akiisha kuandika, abonyeze umbo lile. Kipimo kikiwa kibaya, kisanduku kinatokea na alama nyekundu, na kazi haiendelei mpaka abonyeze OK. Akisahau kuandika kipimo, kompyuta inahesabu 0 na ujumbe unatokea vilevile. Hiyo ni vizuri: bila kipimo, hakuna kushuka.

Ujumbe mzuri unasema mambo matatu: kuna shida gani, nini kisifanyike, nani aitwe. "Kosa namba 4" haumsaidii mtu.

Usiweke visanduku kwa kila jambo dogo. Mtu anayeona kumi kwa siku anabonyeza OK bila kusoma, na siku ya hatari atafanya vilevile. Uweke kwa lile linalopaswa kusimamisha kazi. Na ukiuliza swali la Oui ao Non kwa vbYesNo, ongeza + vbDefaultButton2, ili anayegonga Entrée kwa haraka awe amejibu Non.

Mwisho, kisanduku hakipimi hewa, na kikifungwa hakiachi alama. Kipimo kiandikwe pia katika buku, kwa maana umeme unaweza kukatika. Na ukiona mwenzako ameanguka shimoni, usimfuate mbio: wengi wamekufa wakiokoa. Zima motopompe, ita kapita na wenye vifaa vya kupumua, tuma mtu dispanseri.

Kujikinga ni bora kuliko kujitibu.