Shubiri: Jani Moja, Dawa Mbili

Kata jani la mshubiri, lisimamishe ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, usubiri kidogo. Kitakachotangulia kutoka ni utomvu wa njano wenye harufu kali. Onja tone moja tu, utajua kwa nini jambo la uchungu kupita kiasi huitwa chungu kama shubiri. Sasa lipasue jani lenyewe: ndani mna ute mweupe unaoteleza, usio na uchungu ule.

Hizo ni dawa mbili tofauti, na madhara mengi huanza pale mtu anaposaga jani zima na kunywa.

Utomvu wa njano una aloini. Kemikali hii hupita tumboni kimya mpaka ifike kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huivunja na kuamsha nguvu yake. Ndiyo maana anayekunywa shubiri usiku huanza kuendesha asubuhi. Wazee wetu hawakukosea, inafungua choo kweli. Tatizo ni kipimo. Kijiko cha leo si kikali sawa na cha jana, na mwili unaoharisha hupoteza maji pamoja na potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa. Mgonjwa wa moyo anayemeza digoksini yumo hatarini zaidi.

Mwaka 2002 Marekani iliondoa dawa za choo zenye shubiri kwenye zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kukosa ushahidi wa kutosha wa usalama. Baadaye panya walionyweshwa dondoo la jani zima kwa miaka 2 walipata uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana.

Ute ni habari nyingine. Ukioshwa njano yote ikaisha, hutuliza ngozi iliyoungua kidogo, baada ya kuipoza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20. Kidonda kirefu kipelekwe hospitali.

Linaloniuma zaidi ni chuchu kupakwa shubiri ili mtoto aache ziwa. Najua kumwachisha mtoto kunachosha, na mama anafanya alivyofanyiwa. Lakini kile anacholamba mtoto ndicho kile kile kinachomwendesha mtu mzima, na mwili mdogo huishiwa maji upesi. Mpunguzie ziwa taratibu, umzidishie uji. Na wewe uliye mjamzito, usiinywe shubiri kabisa.