Mchanje mbwa wako: unamlinda mtoto, na simba pia

Mwaka 1994, simba wa Serengeti nchini Tanzania walianza kupata degedege na kufa. Wapatao 1,000 walikufa, karibu mmoja kati ya kila watatu. Hawakuuawa na majangili wala ukame, bali na distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Wataalamu wanaamini ulitoka kwa mbwa wa vijiji vya jirani.

Miaka michache kabla ya hapo, makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti Serengeti na Maasai Mara yalitoweka. Katika baadhi ya makundi hayo kilithibitishwa kichaa cha mbwa.

Hili linakuhusuje wewe mama au mlezi?

Distempa haimpati binadamu. Kichaa cha mbwa kinampata, na watoto ndio walio hatarini zaidi kwa sababu hucheza na mbwa. Virusi vyake hukaa kwenye mate. Mbwa mgonjwa akikutana na fisi au mbweha, ugonjwa huingia porini. Akimng'ata mtoto, huingia nyumbani. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara huishia kwa kifo.

Dalili za kuangalia kwa mnyama

- Mbwa mpole anakuwa mkali bila sababu, au anajificha na kulegea.
- Anatoa mate mengi na kushindwa kumeza.
- Sauti yake inabadilika.
- Mnyama wa porini haogopi watu, au anaingia kijijini mchana.

Mtoto aking'atwa

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Hata mkwaruzo mdogo, au mahali penye kidonda palipolambwa, paoshwe.
2. Usipake majani, pilipili wala mafuta, na usilifunge jeraha kwa kulikaza.
3. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Chanjo ikianza mapema, inaokoa maisha.
4. Hakikisha anamaliza sindano zote kwa tarehe alizopangiwa, hata kidonda kikipona.

Watoto wengi huficha kuumwa na mbwa kwa kuogopa kugombezwa. Mwambie mwanao leo: "Mbwa akikung'ata au kukukwaruza, njoo uniambie. Sitakuchapa." Neno hilo linaweza kumwokoa.

Kinga inaanza na mbwa wa nyumbani

Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita, kijijini na hata porini. Kwa hiyo:

- Wapeleke mbwa wote siku ya chanjo, na urudie kama utakavyoelekezwa.
- Chanjo ya kichaa haizuii distempa. Muulize mtaalamu wa mifugo kuhusu chanjo ya ugonjwa huo pia.
- Usiwaache mbwa wazurure, hasa mkiishi karibu na hifadhi.
- Wafundishe watoto wasiguse mnyama wa porini aliye mgonjwa au aliyekufa. Toeni taarifa kwa ofisi ya kijiji, mifugo au wanyamapori.

Simba hawezi kuja kupanga foleni ya chanjo. Mbwa wako anaweza, ukimpeleka.