Kwa Nini Mtungi wa Gesi Una Kanuni Zake

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mitungi ya gesi, ambayo jijini Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria imezoeleka katika hoteli na migahawa, sasa inaingia katika majiko ya shule. Jiko la shule ni mahali pa kazi, na mpishi hulindwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Lakini kanuni isiyoeleweka husahaulika upesi. Yafaa kutazama sababu zake.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 za Sentigredi chini ya sifuri. Katika joto la Mwanza hubaki kimiminiko kwa sababu tu imefungiwa mtungini chini ya kanieneo kubwa. Ikivuja, lita moja ya kimiminiko hugeuka kuwa zaidi ya lita 200 za gesi.

Kanuni ya kwanza ni kutoujaza mtungi pomoni. Propani kimiminiko hutanuka kwa joto zaidi ya mara kumi kuliko maji. Kwa hiyo huachwa nafasi ya karibu sehemu moja katika tano. Pasipo nafasi hiyo, jua la mchana laweza kupandisha kanieneo hadi kiwango cha hatari. Mtungi huwekwa kivulini, mbali na moto, nao husimama wima ili vali ya usalama itoe gesi, si kimiminiko.

Kanuni ya pili yahusu mahali. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, nayo hutambaa chini kama maji, ikijikusanya katika mashimo na mifereji. Katika miteremko ya majabali ya Mwanza, gesi iliyovuja jiko la juu yaweza kushukia kwa jirani. Ndiyo maana matundu ya hewa hutakiwa chini ya ukuta pia.

Hatari hiyo yaweza kupimwa kwa hesabu. Mtungi wa kilo 15 hutoa zaidi ya meta za ujazo 7 za gesi. Mchanganyiko huweza kuwaka gesi ikifikia sehemu 2 tu katika 100 za hewa. Basi mtungi mmoja waweza kufanya meta za ujazo 350 ziwe tayari kulipuka, ilhali jiko lenye urefu wa meta 10, upana wa meta 8 na kimo cha meta 3 lina 240 tu.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka katika kituo cha kujazia mitungi kilichokuwa karibu na makazi ya watu, bila kibali. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa.

Gesi yenyewe haina harufu; huongezwa kemikali yenye salfa ili iwe onyo. Harufu hiyo ikisikika, taa isiwashwe wala isizimwe, kwani cheche ndogo yatosha. Vali ifungwe, milango ifunguliwe, watu watoke. Mahali panapovuja hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.