Alfajiri ya Dhahabu: Chama Kilichoishia Kizimbani

Chama cha Ugiriki cha Chrysi Avgi, yaani Alfajiri ya Dhahabu, kilianza mwaka 1980 kama jarida la kikundi kidogo cha Athens kilichohusudu Unazi, chini ya Nikolaos Michaloliakos. Kwa miaka karibu 30 Wagiriki hawakukipa uzito. Katika uchaguzi wa 2009 hakikufikisha hata nusu asilimia ya kura.

Kilichokiinua ni msukosuko wa uchumi. Serikali ilielemewa na madeni, mishahara na pensheni zikakatwa, na kufikia mwaka 2013 zaidi ya robo ya nguvu kazi haikuwa na ajira. Chama kikagawa chakula mitaani, lakini kwa Wagiriki tu, tena wenye vitambulisho mkononi. Mei 2012 kikapata karibu asilimia 7 ya kura na viti 21. Siku chache kabla ya uchaguzi wa marudio wa Juni, msemaji wake, Ilias Kasidiaris, alimzaba makofi mbunge mwanamke wa Kikomunisti mbele ya kamera za televisheni. Kura za chama hazikutikisika.

Wakati huohuo wafuasi wake waliwaandama wahamiaji. Juni 2012 walivamia nyumba ya wavuvi Wamisri huko Perama. Septemba wakashambulia kituo cha jumuiya ya Watanzania jijini Athens. Januari 2013 Shahzad Luqman, kibarua kutoka Pakistan, aliuawa kwa kisu. Viongozi hawakuguswa. Septemba 18 mwaka huo akauawa Pavlos Fyssas, mwanamuziki wa rap, Mgiriki, na siku 10 baadaye Michaloliakos akatiwa mbaroni. Tofauti hiyo ni aibu ya dola, si ya chama peke yake.

Wapiga kura nao hawakukikimbia upesi. Septemba 2015 Michaloliakos alikubali kubeba dhamana ya kisiasa ya mauaji ya Fyssas, na siku hizohizo chama kikashika nafasi ya tatu. Ni mwaka 2019 tu kilipokosa asilimia 3 inayohitajika kuingia bungeni.

Oktoba 7, 2020, baada ya kesi ya zaidi ya miaka mitano, mahakama iliamua kwamba uongozi wa chama uliendesha genge la uhalifu. Michaloliakos alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 13. Muuaji wa Fyssas, kifungo cha maisha. Kasidiaris naye alifungwa, lakini mwaka 2023, akiwa gerezani, aliunga mkono chama kiitwacho Spartans, kikajinyakulia viti 12.