Vibao Viwili vya Bill Withers

"Ain't No Sunshine", wimbo uliompa jina Bill Withers huko Marekani mwaka 1971, ulianza kwa kuwekwa upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza ulipewa "Harlem". Watangazaji wa redio waliigeuza santuri, na kibao kilichopuuzwa kikapanda hadi nafasi ya 3 kwenye chati ya Billboard.

Withers alikuwa ameshavuka miaka 30. Alizaliwa Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, akakua na kigugumizi, kisha akatumikia jeshi la majini miaka 9. Wakati anarekodi albamu yake ya kwanza alikuwa bado kibarua katika kiwanda cha vifaa vya vyoo vya ndege. Picha ya jalada inamwonyesha akiwa pale kiwandani, mkononi ameshika kopo lake la chakula cha mchana.

Katikati ya "Ain't No Sunshine" ndipo ulipo ufundi wenyewe. Withers alikuwa hajamaliza kuandika mashairi, hivyo akaziba pengo kwa kurudia maneno mawili mafupi mara 26, akikusudia kuyabadilisha baadaye. Wanamuziki waliokuwa studio wakamshauri ayaache. Vyombo karibu vyote vinanyamaza, inabaki ngoma na sauti ya mtu anayejisemea peke yake. Msikilizaji asiyejua Kiingereza hata neno moja huelewa kwamba huyu ameachwa.

"Lean on Me" wa mwaka 1972 ulitokana na kinanda kidogo alichonunua baada ya kupata fedha. Vidole vinapanda na kushuka kwa kufuata vibonyezo jinsi vilivyopangwa, kiasi kwamba hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anaweza kuupiga. Maneno yalitoka Slab Fork, ambako jirani hakuachwa abebe shida yake peke yake. Wimbo ulishika nafasi ya 1 kwa wiki 3, na hadi leo huimbwa makanisani na kwenye mahafali.

Septemba 1974 Withers alikuwa Kinshasa, kwenye tamasha la siku 3 lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Alipanda jukwaa lililowakutanisha pia James Brown, Miriam Makeba na Franco. Albamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1985. Aliishi hadi 2020 bila kutoa nyingine.