MITA 60 KUTOKA ZIWA LIPI?

Wako wenzetu wadhanio kwamba ramani ni kama kioo: kilichopo huonekana, kisichopo hakionekani. Sisi twaona sivyo, na ushahidi wetu ni vijiji vilivyo kando ya Ziwa Victoria, kutoka Mwanza hadi Magu.

Tuchukue Kageye, kijiji cha Wilaya ya Magu kitazamacho Ghuba ya Speke. Stanley alifika hapo tarehe 27 Februari, 1875, baada ya mwendo wa siku zaidi ya mia moja kutoka Bagamoyo, na mashua yake Lady Alice ilikuja vipande vipande juu ya mabega ya wapagazi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1878 aliandika habari za nyumba za msonge zipatazo 20 au 30, zimejengwa kwa mfano wa duara na kuzungushiwa ua wa miiba, na mti mkubwa ambao wazee walibarizi kivulini mwake pamoja na mkuu wao. Hicho kilikuwa kijiji chenye mpango wake. Lakini katika ramani yake duara lile halimo. Limo jina tu, kando ya mstari wa ufuko. Alilolitaka yeye ni ufuko. Alilizunguka ziwa siku 57, usukani ukiwa mkononi mwa Wadi Safeni, na njia ikionyeshwa na Saramba, mwenyeji wa upande huo. Hata hivyo ramani yajulikana kuwa ni ya Stanley peke yake.

Wajerumani waliweka boma Mwanza mwaka 1892. Ramani walizozipiga chapa Berlin, ambamo Mwanza iliandikwa Muansa, zilikuwa za kipimo cha 1 kwa 300,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita 3 za nchi. Kwa kipimo hicho kijiji kizima ni nukta. Barabara zimo, na majina ya wakuu wa kuwadai kodi yamo. Nyumba ya mkulima haimo.

Nyumba zilianza kuonekana baada ya mwaka 1946, Waingereza walipounda idara ya kupima makoloni yao kwa picha zilizopigwa kutoka katika ndege. Katika karatasi za 1 kwa 50,000 nyumba ni nukta nyeusi, na nchi ya Wasukuma imetapakaa nukta. Mgeni angesema hapana kijiji hapo. Kumbe kilikuwapo: kila kaya ilikuwa na ua wake wa minyaa, zizi lake na mashamba yake karibu, na vijana walikwenda kulima kwa pamoja chini ya nsumba ntale wao. Hayo hayapigwi picha na ndege.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 operesheni ikaingia Mkoa wa Mwanza. Nukta zikakusanywa, zikapangwa safu moja kwa moja kando ya barabara. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na hatuoni haya kuitetea nia hiyo. Lakini si haki kuficha kwamba wengi walihamishwa kwa nguvu, na kwamba mkulima aliyekuwa akitoka mlangoni na kuingia shambani alianza kutembea mwendo mrefu na jembe begani. Baadaye wako waliorudi kwenye mahame yao. Walijuaje mahali? Minyaa ilikuwa imesimama pale pale.

Sasa twafika kwenye shauri lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ni njema, maana ziwa lataka kulindwa. Ila ziwa halikai mahali pamoja. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961 zililipandisha kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwaka 2006 maji yalishuka sana. Mei 2020 yakapanda kukipita kidogo hata kile kiwango cha 1964. Mahali ambapo nchi yapanda mita moja kwa kila mita 100, maji yakiongezeka mita 2 hula mita 200 za mashamba. Na katika karatasi ya 1 kwa 50,000, mita 60 ni milimita moja na ziada kidogo.

Basi mvuvi aliyejenga mita 100 kutoka majini ziwa liliposhuka aweza kuamka siku moja yumo ndani ya eneo lililokatazwa, bila kuhamisha tofali. Twaomba ndugu zetu wapima ardhi na halmashauri za vijiji, kabla ya kupigilia kigingi, waandike katika kumbukumbu zao ni ukingo wa mwaka gani uliopimwa, na waulinganishe na ramani za zamani mbele ya wanakijiji. Ramani za kabla ya 1961 zaonyesha ufuko ambao baadaye ulifunikwa; watu walioyaona maji ya 1964 yalipoishia wangali vijijini. Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa amevuka 70.